Somo la Mteremko na Mahari ya Shija

Kila matokeo ya mitihani yanapotoka, nyumba yangu hapa Ibadakuli haikosi vijana. Mnaingia, mnasema shikamoo babu, naitikia marahaba, mnakaa. Mnaulizia magoti yangu, halafu mvua, halafu magoti tena. Mwisho mmoja anajikohoza na kutoa kilichowaleta: "Babu, wewe ulikuwa mwalimu. Eti kombi ipi ya masomo ina A za bwerere?"

Nacheka mpaka meno yaliyobaki yanaonekana yote. Mnadhani nawacheka nyinyi, kumbe najicheka mwenyewe. Ugonjwa huo wa kutafuta somo la bwerere niliwaambukiza watu wazima wenye ndevu kabla baba zenu hawajazaliwa, na mmoja wao nusura umkoseshe kazi aliyoitamani maisha yake yote. Leo nimeamua kuwaandikia wote kwa mpigo, ili mkija tena tuzungumze habari za magoti tu.

Nilianza kufundisha miaka ya hamsini, kijana mwembamba, kaptula yangu imenyooka kuliko akili yangu. Shule yetu ya kati ilikuwa nje ya mji wa Shinyanga. Kwa baiskeli hufiki mapema kama udongo mweusi umelowa, kwa sababu hapo baiskeli ndiyo inayokupanda wewe. Jambo la kwanza nililojifunza pale halikuwa la vitabuni. Lilikuwa kutengeneza ubao. Kila Ijumaa tuliusugua kwa mkaa uliotwangwa pamoja na majani ya muhogo. Majani yakipungua, chaki inateleza na maandishi hayaonekani. Yakizidi, ubao unanata na vumbi lote la Shinyanga linahamia juu yake. Hakuna chuo kilichonifundisha hilo. Nilifundishwa na mkuu wa shule, Mwalimu Petro, siku aliyonikuta nikilaumu chaki.

Mwalimu Petro alikuwa Msumbwa, mtoto wa misheni ya Ushirombo, mfupi, mpole, na mtani asiyecheka. Ukifanya kazi chini ya mtani wa namna hiyo unapata shida moja, kwamba hujui ni saa ngapi anatania na ni saa ngapi anakufundisha. Mimi nilichukulia kwamba anatania muda wote.

Sasa kuhusu mtihani. Darasa la mwisho lilikuwa na masomo matatu ya lazima, na la nne kila mwanafunzi alijichagulia: Kiswahili, Ufundi wa Mbao, au Kilimo na Mifugo. Kuwaongoza katika kuchagua nilikabidhiwa mimi, na hapo ndipo nilipoanzisha dawa yangu niliyoiita Somo la Mteremko.

Nilichora mlima ubaoni. Upande mmoja njia ya Kilimo na Mifugo inapanda, imejaa miiba, kwa sababu alama za juu katika somo lile zilikuwa adimu kama mvua ya Agosti. Katikati nikachora Ufundi wa Mbao, na pembeni yake kigoda, kwa heshima ya mtahiniwa wa mwaka uliotangulia ambaye msahihishaji alikalia kigoda chake na kuinuka akiwa na mguu mmoja wa kigoda mkononi. Upande wa pili nikachora Kiswahili, njia laini ya kuteremka, na mtu juu ya baiskeli ameachia pedeli.

"Kiswahili mnakisema kila siku," nikawaambia. "Hapa unapewa alama kwa kusema kitu ulichokuwa unakisema bure."

Walicheka, walipiga makofi, karibu darasa zima likaandika Kiswahili.

Lazima niwaambie nilikotoa imani hiyo. Nilizaliwa mjini, nyuma ya soko la Shinyanga. Baba yangu alikuwa fundi cherehani aliyetoka Pangani, mama yangu mtu wa Tabora, na ndani ya nyumba yetu kuanzia kuamka mpaka kulala ni Kiswahili. Kisukuma nilijua cha sokoni tu, cha kuulizia karanga na kuomba maji. Kwenye mtihani wangu mwenyewe nilipata alama za juu kabisa za Kiswahili bila kufungua kitabu. Nikahitimisha kwamba viumbe wote wa Mungu wameumbwa nyuma ya soko la Shinyanga.

Mwalimu Petro alipita darasani, akautazama mlima wangu, akawauliza wanafunzi swali moja: "Ukikanyaga mwiba, unalia kwa lugha gani?"

"Kisukuma!" wakajibu kwa pamoja.

"Basi mwambieni huyu Mwalimu Hamisi wenu," akasema, akaondoka zake. Nikasema moyoni, mzee huyu na utani wake.

Mtu mmoja tu hakupigia makofi mlima wangu. Aliitwa Shija, na alikuwa mkubwa kuliko mimi. Msishangae, siku zile darasa moja lilikuwa na watoto na watu wenye ndevu. Shija alikuwa amekaa miaka kadhaa kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita, akisukuma vitoroli vya mawe. Wenzake wa makabila mengine walimtania kwamba Msukuma amepata kazi inayofanana na jina lake. Kusoma alifundishwa hukohuko na mfanyakazi mwenzake, kisha akarudi nyumbani kutafuta shule akiwa na jambo moja kichwani. Alitaka kuwa bwana mifugo. Hakutaka kingine. Alichoshwa na kuona ng'ombe wa baba yake wakifa mikononi mwake naye amesimama tu.

Alinifuata nje, akasimama karibu na baiskeli yangu.

"Mwalimu, mimi naona nichukue Mifugo. Ng'ombe nawajua vizuli."

"Kujua na kupata alama ni mambo mawili, Shija," nikamjibu, na nilijiona nimesema neno la hekima sana. "Chuo cha mifugo kinataka mtu mwenye alama za juu. Zichukue zilipo rahisi, halafu ng'ombe wako utawakuta hukohuko chuoni."

Alikuna ndevu. Alikuwa mtu wa adabu, na mimi nilikuwa mwalimu. "Haya, mwalimu. Wewe ndiye uliyesoma," akasema, akaenda kubadilisha fomu yake.

Siku ya mtihani wa Kiswahili nilikuwa nimekaa nje nikipepea kofia. Wakaanza kutoka. Shija alitoka akitabasamu, anafuta jasho.

"Mwalimu, leo nimeandika! Swali limeniangukia palepale ninapopataka."

"Swali gani?"

"Lile la insha. 'Eleza mahali pa kwenu.' Nimeeleza yote, mwalimu, sikubakisha. Nimeanza na ng'ombe wa baba, nikaja wa mjomba, nikaeleza na yule jike mwekundu waliyemkataa kwa sababu ya pembe. Mpaka maneno ya washenga nimeyaweka."

Kofia ilisimama hewani. "Shija, washenga wamefikaje hapo?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama kijana asiyeoa. "Sasa mwalimu, mahali utaipelekaje bila mshenga?"

Wasukuma wangu mnaosoma hapa mmeshaelewa, nawaona mnaficha midomo. Kwa wengine nitaeleza. Lugha ya Kisukuma haina ile r ya Kiswahili. Mahali anapokaa mtu, na mahari anayopelekwa mkwe, kwenye ulimi wa Shija yalikuwa neno moja. Juu ya hayo, mwezi uleule wazee wake walikuwa kwenye mazungumzo ya kumposea binti mmoja aitwaye Kabula, kwa hiyo kichwa chake hakikuwa na jambo jingine isipokuwa ng'ombe, nani wa kwenda na nani wa kubaki. Alipoona "eleza mahali pa kwenu" akasoma "eleza mahari, huko kwenu." Akaieleza.

Sikumwambia. Nilikosa ujasiri. Nikasema, "Vizuri, Shija," nikaingia ofisini nikanywa maji vikombe viwili.

Matokeo yalipokuja, masomo matatu ya lazima Shija alifaulu vizuri. Kiswahili kilimwangusha. Chuo hakikumchukua. Na si yeye tu, darasa langu la mteremko liliviringika mpaka chini, ingawa wengine hawakuwa na mengi ya kupoteza kama yeye. Mwalimu Petro hakunigombeza. Aliandika barua chuoni kumwombea Shija, na jibu liliporudi alituita sote wawili ofisini, akanipa mimi nilisome kwa sauti.

Chuo kilijibu kwa heshima. Kilisema kinaangalia Hesabu pamoja na Kilimo na Mifugo. Kiswahili hakimo kabisa katika masomo wanayoyatazama.

Nilirudia mstari ule mara mbili nikidhani nimeusoma vibaya. Maana yake ni kwamba hata kama Shija angepata alama za juu kupita mimi na baba yangu na Pangani nzima, wasingemchukua. Nilimtafutia njia rahisi ya kufika mahali ambapo mlango wenyewe haukuwepo, na barua moja ya kuuliza ingeniepusha. Niliona aibu ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa nakula, naacha kutafuna.

Shija aliinuka. Hakupaza sauti. "Mwalimu, nilikwambia ng'ombe nawajua," akasema, akatoka.

Siku chache baadaye nikasikia kwamba Jumamosi kuna lori la Geita na Shija amepata nafasi. Anarudi kwenye vitoroli. Nikamtazama Mwalimu Petro, naye akawa anakagua ubao ambao haukuwa na kitu. "Ijumaa hii ubao nitausugua mimi," akasema. "Wewe una safari."

Nilifika kwa kina Shija jua limeshapita utosini. Nikiwa na nia ya kuonyesha heshima, nikawaamkia wazee kwa Kisukuma changu chote: "Mwangaluka!" Wanawake waliokuwa wanapepeta mtama waliweka ungo chini. Mwangaluka ni salamu ya asubuhi, nami niliitoa wakati watu wanafikiria kurudisha ng'ombe. Mama yake Shija alicheka mpaka akashika nguzo ya ghala. Alisema kitu ambacho sikukielewa, wakacheka upya, na mtoto mmoja akanitafsiria: "Bibi anauliza kama huko mjini ndiyo kwanza kunakucha."

Nawaambia ukweli, kicheko kile kilinifaa. Nilikuwa nimekuja kama mwalimu, nikakalishwa kwenye kigoda kama mtu aliyepata sifuri. Shija akatoka zizini, mikono ina matope. Nilimwomba radhi mbele ya wazazi wake. Nikamwambia Mwalimu Petro amekubali arudie mwaka, achukue Mifugo, lakini karatasi ya Mifugo nayo inaandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo nitamfundisha upya tangu mwanzo. Na yeye anifundishe Kisukuma, ili siku nyingine nijue ninamfundisha nani.

Akapangusa matope mikononi, kisha akauliza, "Mwalimu, kwani ile insha ilikuwa nini?"

"Mahali. Unapokaa."

"Hanhu?" akasema. "Wangesema hanhu! Mimi nikajua bukwi, ile ya ng'ombe!" Akaanza kucheka, taratibu kwanza, halafu akakaa chini kabisa. Baba yake alipotafsiriwa kwamba mtoto wake ameiandikia serikali habari za ng'ombe wa mkwewe, alitaka kujua kama serikali inaona wametoa wengi mno. Lori la Jumamosi liliondoka bila Shija.

Kazi iliyofuata ndiyo ninayojivunia kuliko zote, na ilianza kwa makosa. R ya Shija haikutoka kwa kuamrishwa. Nilimwambia "weka ulimi hapa," akauweka, ikatoka l. Siku moja anasimulia habari za Geita, akaiga lori likipanda mlima: rrrrr! Nikaruka. Ulimi ulikuwa unaweza siku zote, ila hakuna aliyeuambia kwamba ile ni herufi. Basi ikawa darasani nikisema "washa lori," darasa zima linanguruma: habarrri, karrribu, vizurrri. Waliopita barabarani walidhani tumeanzisha karakana. Na neno lenyewe, lori, Shija aliendelea kuliita loli mpaka mwisho.

Tatizo ni kwamba lori liliwaka, breki hazikuwepo. Wiki mbili tu wakawa wanaandika "kurara" na "chakura," na mmoja akaniita "marimu." Nilikaa na Shija tukalitafakari, na dawa akaitoa yeye, mfugaji. Alisema ng'ombe wawili wakifanana nyuso, huwatazami tena nyuso, unawatazama mkia. Nikamuuliza mkia wa neno ni upi. Akasema Kisukuma nacho kina "ha" kwa habari za mahali, kama "pa" ya Kiswahili. Kwa hiyo ukiona "pa" nyuma yake, ni pa kukaa, hata kama aliyeandika amelewa. Ukiona "ya," ni ng'ombe.

Vijana wa ualimu, hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yangu miaka yote iliyobaki: sikio likikudanganya, shika mkia. Sikuipata chuoni. Niliipata kwa mwanafunzi niliyemfelisha.

Wakati huo nilimwomba Shija aniandikie tena ile insha ya mtihani, kama anaikumbuka. Aliikumbuka. Nilianza kuisoma kwa kalamu nyekundu, nikaiweka kalamu chini kwenye ukurasa wa kwanza. Kila ng'ombe wa mahari alikuwa amemweleza alikozaliwa: huyu kando ya kisima kisichokauka, huyu mwaka walipohamia ng'ambo ya mlima wa mawe, huyu kwenye mbuga ya majaruba ya mpunga ambako shangazi alipotelea akatafutwa na kijiji kizima. Nilipomaliza nilikuwa napajua kwao kuliko ninavyopajua nyuma ya soko. Swali lilitaka mahali pa kwao, na mahali pa kwao palikuwa mlemle, pamefungwa kamba pamoja na ng'ombe. Sijui kama msahihishaji alifika mbali hivyo. Nadhani mimi nisingefika.

Mwaka wa pili Shija alichukua Mifugo. Siku ya vitendo mtahini alileta ndama aliyezubaa, akawauliza watahiniwa ana nini. Wengine walimfungua mdomo, wengine walihesabu mbavu. Shija alipeleka vidole chini ya sikio, akabonyeza tezi, akasikiliza anavyopumua. "Huyu ana ndigana ya kupe, bwana," akasema, "na kama ametoka zizini kwako, wenzake pia watazame leoleo." Mtahini, nasikia, aliondoka mapema siku hiyo.

Hakupata alama za juu. Narudia, maana najua mnaruka mistari: Shija hakupata alama za juu katika Mifugo. Alipata alama za kati, kwa sababu njia ile kweli ilikuwa na miiba. Lakini zilikuwa alama za kati za somo lililotakiwa, naye aliyezipata ni mtu aliyetakiwa, na chuo kikamchukua. Siku alipokuja kuaga, Mwalimu Petro alimuuliza, "Ukikanyaga mwiba chuoni, utalia kwa lugha gani?" Shija akajibu, "Ya ng'ombe." Ndiyo mara pekee niliyomwona Mwalimu Petro akicheka kwa sauti.

Alipomaliza chuo, ilikuja barua. Ilikuwa fupi, mwandiko ulionyooka, na ninaweza kuwasomea bila kuitafuta:

"Mwalimu wangu Hamisi, shikamoo. Mimi ni mzima, ng'ombe pia. Nimepata mahari pazuri pa kazi huku Ushirombo. Na kwa Kabula mahali yetu imekubaliwa yote, hata yule mwekundu wa pembe. Karibu harusini. Ni mimi bwana mifugo, Shija."

Nilichukua kalamu nyekundu kwa mazoea. Nikaisoma tena. Mahari pazuri pa kazi. Mahali imekubaliwa. Vichwa amevibadilisha, mikia yote iko sawasawa, hakuna msomaji duniani angepotea. Mpaka leo sijui kama alikosea au alinitania, maana alikuwa amekaa na Mwalimu Petro muda mrefu. Harusini nilimuuliza, akanijazia sahani wali.

Sikusahihisha kitu. Niliandika alama za juu pembeni mwa barua, zote, nikaikunja nikaitia mfukoni mwa shati. Zile ndizo alama za bwerere pekee nilizowahi kutoa, na aliyepewa alishapata kazi.